TUACHE FUNGU LA NYUKI

(Maneno ya Msimamizi wa Mizinga siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu. Katibu ameyaandika kama yalivyosemwa, isipokuwa pale vigelegele vilipozidi.)

 

 Wapo wenzetu tulioanza nao chini ya mwembe ule pale, wakiweka shilingi zao zimefungwa kwenye pindo la khanga, na leo hawapo. Mungu awarehemu. Sisi tuliobaki tumefika miaka kumi, si kidogo.

Ndugu zangu, nimepewa nusu saa niseme juu ya nyuki. Katibu aliponiambia nilimwuliza, "Siku ya hesabu hii, nyuki wa nini?" Akanijibu, "Wageni watauliza asali ile ya mezani imetoka wapi." Basi nitaeleza imetoka wapi. Lakini mwishoni nitagusa pia lile jambo linalongoja uamuzi wetu Jumamosi ijayo, yaani kuvunja sanduku na kugawana fedha zote. Sikuja kupiga kampeni. Nimekuja kueleza maisha ya mdudu mmoja, na hasara niliyoipata kwa kutomsikiliza.

NYUMBA YA NYUKI NA WATU WAKE

Kundi la nyuki lenye nguvu lina nyuki makumi ya maelfu. Wako wa aina tatu tu: malkia mmoja, madume mamia kadhaa, na wote waliobaki ni vibarua. Hao vibarua, akina mama, ni majike. Wote! (Vigelegele.) Ngojeni kwanza, msipige vigelegele kabla hamjasikia kazi yao.

Yai la nyuki huanguliwa baada ya siku tatu. Linalotoka ni jana, kile kifunza cheupe mnachokiona ndani ya sega. Kibarua hukamilika kwa siku kama 20 tangu yai kutagwa, malkia kwa siku kama 16, na dume kwa siku 24. Sasa sikilizeni ajabu. Yai la malkia na yai la kibarua ni la namna moja. Kinachowatenganisha ni kijumba na chakula. Jana la malkia hulishwa maziwa ya nyuki tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini jana la kibarua huachishwa baada ya siku chache likapewa chakula chenye asali na chavua. Kwa hiyo mama anayedharau lishe ya mtoto aje amwulize nyuki.

Kibarua akitoka kijumbani hana siku ya kupumzika. Kwanza husafisha vijumba. Halafu hulisha majana. Halafu hutoa nta tumboni mwake akajenga masega. Halafu hupokea mbochi, yaani yale maji matamu ya maua yanayoletwa na wakubwa zake. Halafu hulinda mlango. Mwishoni kabisa ndipo hutoka kwenda mauani, kwa kuwa kazi ya nje ndiyo ya hatari zaidi, na mzinga huipeleka kwa wale ambao umri umeshakwenda. Msimu wa kazi nyingi huishi kama wiki sita tu, akafa mabawa yamechanikachanika.

Malkia je? Watu wanadhani malkia ni mtawala. Hapana. Malkia hatoi amri hata moja. Siku chache baada ya kuzaliwa huruka angani akakutana na madume wengi, mara nyingi zaidi ya kumi, kisha hurudi nyumbani na hatoki tena kwa shughuli hiyo. Kazi yake inayobaki ni kutaga. Msimu mzuri huweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Harufu yake ndiyo inayowaunganisha nyuki wote wakajua kwamba wao ni wa nyumba moja. Akichoka na harufu ikipungua, vibarua wanalea malkia mwingine. Ndugu Mwenyekiti asinielewe vibaya. (Kicheko.)

Dume hana mwiba, haendi mauani, halindi mlango. Kazi yake ni moja tu, na akiifanya hufa papo hapo. Chakula kikiadimika, vibarua huwasukuma madume nje ya mzinga. Waume zetu kule nyuma, msiondoke jamani, sisi si nyuki! (Kicheko kirefu.)

KIJIKO KIMOJA CHA ASALI

Sasa tuje kwenye asali yenyewe. Kibarua akifyonza mbochi huuweka katika kifuko chake cha kubebea, ambacho ni mbali na tumbo lake la chakula. Akifika mzingani humpa mwenzake mdomo kwa mdomo, na yule naye humpa mwingine, huku miili yao ikiuchanganya na vitu vinavyougeuza ule utamu. Kisha huuweka vijumbani na kuupepea kwa mabawa usiku na mchana ili maji yatoke. Mbochi ukiingia ni maji matupu yenye sukari. Maji yakishuka mpaka chini ya asilimia 20 hivi, basi ni asali, nao huifunika kwa nta.

Hapo ndipo penye siri ya asali nzuri. Sega ambalo halijafunikwa ni asali mbichi, na asali mbichi huchacha. Mnakumbuka ndoo zile mbili za mwaka wa kwanza zilizotoa povu? Mnunuzi hakutuonea. Tulikuwa tumerina mapema. Siku hizi sheria yetu ni kwamba sega ambalo halijafunikwa robo tatu linarudi mzingani.

Wataalamu wanakadiria kwamba kibarua mmoja, maisha yake yote, hutengeneza kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Yaani nyuki kumi na wawili, toka kuzaliwa hadi kufa, kijiko kimoja! Nta nayo ni gharama kwao. Inakadiriwa nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watoe kilo moja ya nta. Mtu anayekamua sega akatupa nta anatupa mtaji.

Haba na haba hujaza kibaba, tumeimba hivyo miaka kumi. Lakini nyuki amenifundisha jambo zaidi ya hilo. Kibarua anayefunika asali ile mwezi wa tano, mara nyingi si yeye atakayeila. Wiki zake sita zitakuwa zimekwisha. Watakaoila ni majana ambayo bado hayajazaliwa. Yeye anaweka, mwingine atakula, na kundi linaendelea.

MKUTANO WA NYUKI

Watu wa zamani walijua nyuki wanaelezana, ila hawakujua wanaelezana vipi. Aliyekuja kulifumbua ni Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria, na kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Aligundua kuwa nyuki akiona maua mengi hurudi akacheza ngoma juu ya sega, gizani, wenzake wakimgusa kufuatisha. Hutembea mstari huku akitingisha tumbo. Akielekea juu, maana yake maua yako upande wa jua. Akielekea pembeni, ni pembeni ya jua kwa kiasi kile kile. Na kadiri anavyotingisha kwa muda mrefu ndivyo maua yalivyo mbali, sekunde moja ni kama kilometa moja.

Kuna na jingine. Kundi likigawanyika, sehemu kubwa hutoka na kujining'iniza tawini, kama mlivyowahi kuona. Pale wanafanya mkutano. Wapelelezi huenda kutafuta tundu la kuishi, na kila aliyepata hurudi akalichezea ngoma. Mtafiti wa Marekani, Thomas Seeley, aliwachunguza kwa miaka mingi na mwaka 2010 akatoa kitabu juu yake. Anasema mpelelezi hakubali kwa kuambiwa tu. Akiona ngoma ya mwenzake, huruka akalikague tundu lile yeye mwenyewe. Akiridhika ndipo naye huja kulichezea. Tundu likishakusanya wakaguzi wa kutosha, uamuzi umepita, na kundi zima linaondoka.

Mimi hapo naomba tuige. Kabla ya Jumamosi, kila mama aje afungue daftari la kikundi, aone kwa macho yake. Asije mkutanoni na habari za kisimani.

FAIDA TUSIZOZIONA KWENYE NDOO

Tukizungumza faida ya nyuki tunataja asali na nta. Ni kweli. Nta ya Unyamwezi ilisafirishwa ng'ambo tangu enzi za wakoloni, na mpaka leo asali ya Tabora na Sikonge inajulikana mbali. Takwimu za FAO kwa miaka mingi zimeitaja Tanzania kuwa ya pili Afrika kwa asali, baada ya Ethiopia. Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998 na Sheria yake mwaka 2002, na Chuo cha Ufugaji Nyuki tunacho hapa hapa Tabora mjini. Kwa hiyo hatufanyi jambo la pembeni.

Lakini faida kubwa iko shambani. Nyuki akitoka ua hili kwenda lile hubeba chavua, na ndipo matunda yanaposhika. Watafiti walichunguza mazao makuu ya chakula 115 duniani, wakatoa taarifa yao mwaka 2007. Mazao 87 kati ya hayo yanasaidiwa kwa kiasi fulani na nyuki na viumbe wengine wanaobeba chavua. Mahindi, mtama na mpunga vinajitegemea au vinategemea upepo. Lakini boga, tango, tikiti, alizeti, embe: hapo bila wadudu mavuno hupungua, na boga halishiki kabisa.

Naomba niweke na tahadhari mbili, maana leo watu watabeba chupa kwenda nazo nyumbani. Kwanza, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulamba kidoleni. Asali safi kabisa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru, lakini tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, na sumu yake inalegeza mwili mpaka pumzi. Bibi zetu walitulambisha, najua, lakini sasa tumeelimika. Pili, mwenye ugonjwa wa kisukari asidanganywe kuwa asali si sukari. Ni sukari.

ZAMANI MZINGA ULIKUWA WA MWANAMUME

Akina mama, katika utoto wangu mwanamke hakuwa na mzinga. Mizinga ilikuwa ya magogo au ya magome ya miti, imetundikwa juu kabisa kwenye miti mirefu porini. Mwanamume alikwenda kambini siku nyingi, akapanda usiku na mwenge wa moto. Sisi tulingoja kijijini kupika na kukamua, na pombe ya asali tuliitengeneza sisi. Fedha yake hatukuiona.

Aidha namna ile ilikuwa na madhara yake. Mwenge uliua nyuki wengi na mara nyingine ukaunguza pori. Na mti unaobanduliwa gome kuuzunguka ili kutengeneza mzinga hufa. Mti ule ndio uliokuwa unampa nyuki maua! Siwalaumu baba zetu, walitumia walichokuwa nacho.

Kilichotufungulia mlango ni mzinga wa vipande vya juu. Ulitengenezwa nchini Kenya miaka ya 1970, na baadaye ukaenea Afrika nzima. Ni kama sanduku, juu yake vimepangwa vipande vya mbao, kila kimoja upana wake milimita 32, kwa maana nyuki wetu hujenga sega moja kwa kila nafasi ya upana huo. Unaninginizwa kwa waya usawa wa kiuno, na waya unapakwa grisi ili siafu wasipite. Hakuna kupanda mti. Mama mjamzito, bibi wa miaka sitini, wote wanafika. Unapuliza moshi wa bomba taratibu, unainua kipande kimoja, unatazama: hili ni la asali, hili ni la majana, hili bado. Unachagua. Katika mzinga wa gogo ni vigumu kuchagua, mrinaji hukata gizani kile ambacho mkono umefikia.

Lakini ndugu zangu, uwezo wa kuchagua si sawa na kuchagua vizuri. Ndiyo hadithi yangu hii.

MWAKA TULIORINA MPAKA SEGA LA MWISHO

Mwaka wetu wa nne tulikuwa na mizinga 20 yenye nyuki. Mvua zilikuwa nzuri, miyombo ikatoa maua, na mwezi wa sita tulipofungua mizinga masega yalikuwa meupe kama karatasi. Kikundi kilikuwa na deni la kununulia mashine ya kukamulia alizeti. Wengi walitaka tulilipe deni lote kwa mkupuo.

Bwana Nyuki aliyekuwapo wakati ule alituambia, "Msiguse sehemu ya majana, na kila upande wake acheni masega ya asali." Alieleza kwamba mwezi wa saba na wa nane ni kiangazi, miti imepukutisha majani, maua ni machache, na nyuki wanaishi kwa akiba hadi mitundu itakapochanua kabla ya mvua. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mizinga. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa sauti, "Bwana huyu anawahurumia wadudu kuliko watu. Nyuki watatafuta wengine." Tulirina yote. Tulikata mpaka masega yenye majana pembeni, tukayakamua, asali ikawa na uchafu, lakini ndoo zilijaa. Deni tulilipa. Tulicheza ngoma siku ile.

Mwezi wa nane nilikwenda kukagua. Mzinga wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Nikaweka sikio wa tatu, nikasikia nondo wa nta wakitafuna masega yaliyobaki. Katika mizinga 20, sita tu ilikuwa na nyuki, na hao sita ilikuwa unashika ukingo wa mzinga hata hawakukasirika, wamedhoofu.

Baadaye nilielezwa sababu. Nyuki wa Ulaya akinyang'anywa asali hana pa kwenda, nje kuna baridi itakayomwua, na mfugaji wa huko humpa maji ya sukari. Nyuki wetu wa Afrika hakuzoea hivyo. Akiona ghala tupu na nyumba imevurugwa, hakai kuomboleza. Kundi zima, na malkia wao, huondoka kwenda mahali pengine. Hakuibiwa na mtu, hakuuawa. Kahama tu.

Mwaka uliofuata tulipata asali ya mizinga sita, nayo kidogo. Wa pili yake tukaanza tena kutega nyuki kwa nta na kungoja. Ilituchukua karibu miaka mitatu kurudia mizinga 20. Hesabuni wenyewe: deni tulilipa mapema miezi sita, mapato tukapoteza miaka mitatu. Haya yamo kwenye daftari, na jina langu limo. Sijawahi kuyasema mbele ya wageni, nayasema leo.

Tangu hapo sheria ya kikundi ni hii. Majana hayaguswi. Pembeni ya majana yanabaki masega yasiyopungua manne ya asali iliyofunikwa, mwezi wa sita, hata mnunuzi akiwa amesimama na fedha mkononi. Sisi tunaliita fungu la nyuki. Tangu tulipoanza kuliacha, wanaohama ni wachache.

TUNAWAONDOLEA NA MAUA

Nisimalize kabla sijasema juu ya pori. Fungu la nyuki si asali ya ndani ya mzinga peke yake. Maua pia ni fungu lao. Mkoa wetu unalima tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni. Kila mwaka miombo inarudi nyuma. Sisemi watu waache tumbaku, wengine wetu tumesomeshwa nayo. Nasema mwenye bani apande miti yake ya kuni, asiumalize mtundu wenye umri wa bibi yake. Na dawa ya wadudu tupulize jioni nyuki wakiwa wamerudi, kamwe si asubuhi kwenye mimea yenye maua. Na jirani mwenye mzinga apewe taarifa. Ni neno moja tu la kupita na kusema, "Dada, leo napiga dawa." Halina gharama.

TUACHE NINI SANDUKUNI?

Sasa nimefika kwenye Jumamosi.

Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Fedha iliyofungiwa sandukuni hainisomeshei mtoto." Wengi walimpigia makofi. Nami nasema ana haki. Nyuki hana ada ya shule. Nyuki hana paa linalovuja, hana mgonjwa wa kumpeleka hospitali ya mkoa. Na jambo jingine, sitaki tufanane na nyuki kwa kila kitu. Kibarua akimchoma adui, mwiba wake hubaki na yeye hufa, na mzinga haumlilii. Sisi tunaliliana. Kikundi kimewekwa kwa ajili ya mama, mama hakuwekwa kwa ajili ya kikundi. Anayesema "tusubiri, tusubiri" miaka kumi bila kuonja chochote, huyo naye anakosea. Asali ya kutazama tu ina faida gani?

Kwa hiyo turine. Tumefanya kazi, tule. Lakini tusirine mpaka sega la mwisho. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, lakini hakuna kufuli inayomzuia mtu kuhama. Tukigawana yote, mwezi wa kwanza ada zitalipwa, nitafurahi nanyi. Ila mwezi wa pili mama atakuja ana mtoto mgonjwa, atataka mkopo wa haraka, na ghala litakuwa tupu. Atakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Na akishakwenda huko, Jumamosi hatumwoni tena. Hatutagombana, hakuna atakayevunja kikundi kwa maneno. Tutahama tu mmoja mmoja, kama mizinga ile 14.

Pendekezo langu ni dogo. Theluthi mbili tugawane kwa hisa, kila mtu achukue chake kwa furaha. Theluthi moja ibaki, iandikwe katika katiba yetu kuwa haiguswi ila kwa mkopo. Kama theluthi ni nyingi, semeni robo. Kama mna hesabu bora kuliko yangu, ileteni. Mimi nimeshawahi kukosea mbele yenu, kwa hiyo msinifuate kwa kuwa nasema kwa sauti. Kagueni daftari, mkiridhika ndipo mcheze ngoma.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Asali iliyoko mezani ni ya mwezi wa sita mwaka huu. Kila chupa iliyopo pale, ndani ya mzinga wake kuna masega manne yaliyobaki, na nyuki wako ndani. Jana jioni nilipita kusikiliza. Wanavuma.

Wageni wetu karibuni muonje. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, nasi tunaomba mtufuate hata baada ya leo.

Kikundi hoyee! (Wote: Hoyee!) Akina mama hoyee! (Hoyee!) Na fungu la nyuki? (Lisiguswe!)